Nani Amalize Kofia ya Marehemu?

Mama yangu alipofariki, tuliikuta kofia imefungwa ndani ya kanga kuukuu, katika mkoba wa ukili aliokuwa akiuweka chini ya dirisha. Sindano bado ilikuwamo, imechomekwa pembeni mwa kiua kilichokwisha kuzungushwa uzi nusu tu. Pamoja na kofia palikuwa na kikaratasi chenye mwandiko wake wa herufi za Kiarabu: jina la mzee mmoja wa mtaa wa pili, kipimo cha kichwa, na kiasi cha arbuni aliyokwisha kuipokea. Hapakuwa na neno jingine.

Ndugu zangu walisema mzee arejeshewe fedha zake, na kofia ibaki kama ilivyo, iwe ukumbusho. Nilikubali kwa mdomo. Lakini kila nilipoupita mkoba ule niliiona ile sindano imesimama, na moyo ukaniuliza swali ambalo tangu siku ile sijaacha kulizingatia. Je, ni haki kwa aliye hai kuimaliza kazi aliyoiacha marehemu? Na ikimalizwa, itaitwa kazi ya nani?

Msomaji wa visiwani hana haja ya kuelezwa kofia ya viua ni kitu gani. Yumkini, hata hivyo, hajapata kuishika ikiwa bado ni vipande. Kofia huanza kwa vipande viwili visivyojuana: kimoja ni duara la juu, na cha pili ni ukanda mrefu wa kuzunguka kichwa. Kila kipande ni nguo mbili zilizolazwa pamoja. Mchoraji huchora maua yake kwa kalamu, kisha mshonaji huzifuata zile nyayo kwa mishono midogo inayozishika nguo zote mbili. Baadaye hupenyezwa nyuzi za pamba baina ya nguo hizo, uzi baada ya uzi, mpaka ua linanyanyuka na kitambaa kinasimama chenyewe. Ndipo hutobolewa vile vitundu vidogo, na kila kitundu huzungushwa uzi wa hariri ukingoni ili kisifumuke. Hicho ndicho kiua, na kofia moja nzuri ina mamia ya viua. Mwisho kabisa ukanda huungwa ncha kwa ncha, duara likashonewa juu yake, kofia ikafuliwa, ikatiwa wanga na kukaushwa juu ya kitu cha mviringo ili ishike umbo. Kazi hii yaweza kula miezi.

Nguo mbili, pamba katikati, na mshono wa kuzifunga: watu wa nchi za baridi kitu hicho hukiita mfarishi, nao hujifunika wakalala. Joto la Unguja halikutaka mfarishi wa kitandani, na kwa hiyo wetu tumeuvaa kichwani. Umesafiri pia. Kumma, ile kofia ya viua inayovaliwa na Waomani, imefungamana na Zanzibar, na wengi waliohama hapa baada ya Mapinduzi ya 1964 waliichukua sindano kama walivyoichukua lugha. Leo Darajani utaziona kofia za mashine zimepangwa safu kwa safu kwa bei ndogo mno. Mwenye kutaka ya mkono hana budi kumjua mshonaji, kumpelekea kipimo, kutoa arbuni, na kusubiri.

Mzee wetu alikuwa amesubiri miezi mitano. Arubaini ilipopita alikuja kutupa tena mkono wa tanzia, akaketi barazani na bakora yake magotini. Nilimpa shikamoo, akaitikia, na baada ya kimya kirefu nikamwambia: "Ami, fedha zako zipo. Nimeziweka tayari."

"Fedha gani, mwanangu?"

"Za ile kofia. Mama hakuwahi kuimaliza."

Alitikisa kichwa. "Mimi sikuweka fedha kwa mama yako, nimeweka kofia. Mjukuu wangu anaoa Maskati. Kofia niliyooa nayo mimi iliyoshona ni bibi yako. Nilitaka na ya huyu iwe ya mkono wa nyumba hii." Kisha akaongeza, kwa upole ulioniuma zaidi kuliko ukali: "Lakini usijikalifishe. Alichokadiria Mungu hakina lawama."

Waswahili tunasema ahadi ni deni, na sheria yetu iko wazi kuhusu madeni ya maiti: hulipwa kabla warithi hawajagawana hata kijiko. Kwa fedha, jambo hili ni rahisi. Aliyedaiwa shilingi hurejeshewa shilingi, wala hapana anayeuliza ni noti ipi iliyokopwa na ni ipi iliyorejeshwa. Deni la kazi ya mkono ni la namna nyingine. Aliyeahidiwa mkono wa fulani, je, hulipwa kwa mkono wa mwanawe? Nikimaliza kimya kimya na kumkabidhi mzee kofia kwa jina la mama, nitakuwa nimelipa deni moja kwa kufungua jingine, kwani nitakuwa nimemuuzia kitu nisichokuwa nacho. Nikirejesha arbuni, nitakuwa nimetimiza hesabu na kuacha haja ya mtu ikining'inia.

Nilimpelekea shauri hili rafiki yangu mmoja, mtunzi wa mashairi, mtu asiyependa kulainisha neno. Hakusita. "Iache," alisema. "Mama yako angaliacha shairi la beti tatu, ungethubutu kuongeza ya nne ukaitia jina lake?"

Nilimjibu kwamba nisingethubutu.

"Basi tofauti iko wapi? Lugha yenyewe haitofautishi. Anayepitisha uzi kwenye tundu la sindano anatunga, na anayepanga maneno anatunga."

Alikuwa amenishika pabaya, kwani ni kweli. Tunatunga uzi, tunatunga ushanga, tunatunga maua ya asumini, tunatunga shairi. Hata vipande vya mshororo tumevipa majina ambayo mshonaji hayamshangazi. Kimoja kati yao ni ukingo. Ikiwa ni haramu kumtilia marehemu maneno kinywani, kwa nini iwe halali kumtilia mishono mkononi?

Nilizunguka na swali hilo siku kadhaa mpaka nikakumbuka kwamba washairi wenyewe wamekwisha kulijibu, tena zamani. Takhmisi ni nini? Mshairi huuchukua utungo wa mwenziwe, pengine aliyemtangulia kwa karne nyingi, na kila mishororo miwili ya yule wa kale akaitangulizia mitatu yake, ikapatikana beti ya mitano. Ndivyo alivyofanya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, yule yule wa Al-Inkishafi, katika tungo anazonasibishiwa Fumo Liyongo. Hapana aliyemwita mwizi, wala aliyesema kwamba amemkosea adabu Liyongo. Sababu, naona, ni mbili. Ya kwanza ni kwamba hakufumua kitu: mishororo ya Liyongo imekaa palepale, mwishoni mwa kila beti, naye mgeni ndiye aliyejibana kwa vina vya mwenyeji. Ya pili ni kwamba kila msomaji anajua mpaka ulipo. Umbo lenyewe la takhmisi linatangaza kuwa hapa pana watu wawili.

Kwa hiyo mila yetu haikatazi mkono wa pili. Inachokataza ni mkono wa pili kujificha.

Nilipomwambia rafiki yangu hayo, alikubali nusu. "Lakini Liyongo alikuwa amekwisha kusema," alinijibu. "Sayyid Abdalla alimuongeza, hakummalizia. Mama yako hakuwa amekwisha kusema." Hoja hii haina uzito mdogo. Barua iliyokatika katikati ya sentensi haifai kumaliziwa na mtu, hata awe mwandani wa mwandishi, kwa sababu sentensi iliyobaki alikwenda nayo mwenyewe. Wasia ni hivyo hivyo, na shairi halikadhalika. Penye kusema, nia imo kinywani mwa msemaji, na kinywa kikifumba nia imefungwa.

Kofia hata hivyo si sawa na barua, angalau kwa jambo moja: nia yake iko nje, imechorwa. Ule ukanda wa mama ulikuwa na maua yote kwa wino, toka ncha hadi ncha. Uliosalia kushonwa ni mwendo wa shibiri moja, na ndani ya shibiri hiyo hapakuwa na siri. Kulikuwa pia na kichwa kilichokwisha kupimwa, kikisubiri. Shairi lisilokwisha bado lasomeka. Kofia isiyokwisha haivaliki, na kofia isiyovalika ni kitambaa kilichotiwa taabu bure.

Hapa nilikumbuka niliyopata kuyasoma juu ya Wasidi wa Karnataka, huko Bara Hindi, ambao asili ya wahenga wao ni Afrika na ambao bahari hii hii iliwavusha. Wanawake wao hushona mifarishi kwa vipande vya nguo zilizochakaa, na huiita kawandi. Huanzia pembezoni na kuzunguka kuingia ndani, kiraka juu ya kiraka, mpaka hufika katikati. Pamoja na yote hayo, kawandi haihesabiwi kuwa imekwisha mpaka itiwe kwenye pembe zake vijitambaa vilivyokunjwa pembetatu, viitwavyo phula, yaani maua. Vitambaa hivyo haviongezi joto wala nguvu. Lakini mfarishi usio navyo, wao husema uko uchi.

Neno hilo lilinigusa. Sisi tulitaka kuiweka kofia ya mama sandukuni kwa heshima, kumbe tulikuwa tukiiweka uchi. Ukumbusho ule ungekuwa wetu sisi, wa kuliwaza nyoyo zetu. Yeye hakushona ukumbusho, alikuwa akishona kofia ya harusi.

Nikaamua kuimaliza. Ilinichukua zaidi ya mwezi kufika kwenye mshono wa kwanza wa maana, kwani nilikuwa sijazungusha kiua tangu nilipoanza kusomesha skuli, na vidole vilikuwa vimesahau. Nilijifunza upya juu ya kitambaa kibovu, usiku baada ya usiku, mpaka viua vyangu vikaacha kuwa na mdomo uliopinda. Hapo ndipo nilipoigeuza kofia ya mama ndani nje ili nione alivyokuwa akifunga uzi, na nikakuta jambo nisilolitarajia.

Upande wa nje unadanganya, kwani unaonyesha kazi moja. Upande wa ndani unasema kweli. Duara la juu lilikuwa na mafundo madogo yaliyolala kushoto, nayo si ya mama. Nilimtambua jirani yetu mmoja ambaye kwa miaka mingi alibadilishana kazi na mama, huyu akimshonea yule anapouguliwa au anapokuwa na harusi. Nyuzi za pamba zilikuwa zimepenyezwa na mtu wa tatu, mwenye mkono mzito kidogo. Mchoro ulikuwa wa mtu wa nne. Ile tuliyokuwa tukiiita kofia ya mkono wa mama ilikuwa na mikono minne kabla sijaigusa mimi, na ndivyo zilivyokuwa kofia zake zote. Jina lake lilikuwa la yule aliyepokea arbuni na kubeba dhamana. Mzee alipotaka "mkono wa nyumba hii" huenda alilijua hilo kuliko mimi niliyezaliwa humo.

Hata majengo yetu ndivyo yalivyo. Beit al-Ajaib, aliyoijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, imekaa katika macho yetu pamoja na mnara wake wa saa, kana kwamba vilizaliwa siku moja. Mnara wa kwanza ulikuwa umetengana na jumba, ukaharibiwa na mizinga ya Waingereza mwezi wa Agosti 1896. Ule tuliouzoea mbele ya jumba uliungwa mwaka 1897. Sehemu kubwa ya uso wa jumba hilo ilipoanguka tarehe 25 Desemba 2020, na watu wakapoteza maisha, mji wote ulilia kwa kitu kimoja. Hakuna aliyetenganisha machozi ya 1883 na ya 1897. Kiungo kikikaa vizuri, wakati hukifanya asili.

Lakini hilo lisitufanye tuone mambo ni mepesi. Kwenye ukanda wa mama, karibu na mahali alipoishia, palikuwa na ua moja lisilofuata mchoro. Wino ulionyesha petali sita, naye alishona tano na kuiacha ya sita wazi, kisha viua vya jirani yake akavisogeza ili nafasi ijazike. Je, ilikuwa ni macho, ambayo mwaka ule wa mwisho yalikuwa yamepungua? Au aliona kitu kwenye mpangilio ule ambacho mchoraji hakukiona, akakirekebisha kama alivyokuwa akirekebisha chumvi kwenye mchuzi, bila ya kumwambia mtu? Jirani yetu alilitazama ua lile, akalipapasa, akasema: "Ni macho, mwanangu. Lifumue, ulishone vizuri. Hata yeye angelifumua."

Huenda alikuwa na haki. Lakini nilipoweka ncha ya sindano chini ya uzi ule mkono ulikataa. Kama ni kosa, ni kosa lake, na ameondoka nalo bila ya kunipa idhini ya kulisahihisha. Kama ni uamuzi, nitakuwa nimefuta neno lake la mwisho. Kati ya hatari mbili, ya kuacha kosa na ya kufuta kauli, ile ya kwanza ni ndogo. Nikaliacha. Katika shibiri yangu, kwa upande mwingine, nilifuata mchoro, petali sita kila ua. Kuiga petali tano bila ya kujua sababu yake kungekuwa kumwiga mama kwa sura tu, jambo ambalo mwenyewe angelicheka.

Basi kofia ilikwisha ikiwa na ushahidi wake. Mtazamaji wa haraka haoni kitu. Lakini anayejua kofia ataona kwamba mahali fulani viua vinabadilika: vya mama vimekazwa kidogo zaidi, na vyangu vina woga. Nilikuwa nimejitayarishia maneno ya kumwambia mzee. Hakunipa nafasi. Aliishika, akaizungusha polepole huku kidole gumba chake kikipita juu ya ukanda, na kidole kikasimama.

"Hapa ndipo ulipopokea wewe."

"Ndiyo, ami. Na kama huiridhii hivyo, fedha zako..."

"Nyamaza," alisema, na akaendelea kuizungusha.

Alitoa baki ya fedha, na baki hiyo ikazua mjadala nyumbani. Je, ni tirka ya kugawanywa baina ya warithi, au ni ujira wangu? Kaka yangu alisema nizichukue zote, dada alisema ni mali ya mama. Tulikaa chini na hesabu iliyotuchekesha na kutuliza kwa pamoja: tukaamua kugawa kwa viua. Jirani naye akaletewa fungu lake kwa lile duara la juu, ambalo tuligundua kwamba hakuwa amelipwa. Nimepata kusoma mengi juu ya umiliki wa kazi za sanaa, lakini sijaona hukumu iliyoniridhisha kuliko ile ya kuhesabu viua sakafuni.

Rafiki yangu mtunzi bado hajakubali. Anasema nilibahatika, kwamba mchoro ulikuwapo na mzee alikuwa muungwana, na kwamba hukumu isijengwe juu ya bahati. Nakiri kuwa ana hoja. Kama mchoro usingekuwapo, nisingethubutu. Na lipo jambo moja ambalo hoja zangu zote hazilifikii: mama hakuniomba. Idhini yake niliikisia, na kukisia idhini ya asiyeweza kukataa ni jambo la kuogofya, hata pale ambapo mtu amekisia kwa mapenzi. Pengine namna pekee ya kulipunguza hofu hiyo ni walio hai kusema mapema.

Ule mkoba wa ukili sasa uko chini ya dirisha langu, na ndani yake mna kofia nyingine ambayo haijafika nusu. Nimeandika kikaratasi kama alivyokuwa akiandika yeye: jina la mwenyewe, kipimo cha kichwa, arbuni niliyopokea. Chini yake nimeongeza maneno ambayo mama hakuyaandika. Nikiondoka kabla haijesha, atakayeweza na aimalize. Asifumue nilichoshona, na amwambie mwenyewe pale nilipoishia.